Reli Juu ya Meza ya Kukatia Nguo

Mara ya tatu Baba alipotoka, alipatikana katikati ya barabara ya Namanga, akifuata ule mstari mweupe hatua kwa hatua, spana mkononi, malori yakimpigia honi mbele na nyuma na yeye hana habari. Mchungaji wa Kimaasai aliyekuwa akivusha ng'ombe wake ndiye aliyemshika mkono akamtoa kwenye lami, akamleta mpaka mlangoni kwangu. "Supa," akanisalimia, nami nikasahau hata kuitikia. "Huyu mzee anasema ako kazini. Mimi nikamwambia, kazi gani hiyo ya kukanyagwa?"

Nilimshukuru yule mtu, nikamkalisha Baba kwenye stuli, halafu nikamfokea. Nisidanganye, mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu huja kwanza, huruma hufuata nyuma ikihema. Nilimuuliza kama anataka kunifanya mtu wa kuokota wazee barabarani. Baba akaniangalia kwa adabu, vile mtu huangalia karani wa ofisi asiyomjua, akasema, "Mama, usinicheleweshe. Mvua ilinyesha jana. Funguo zitakuwa zimelegea."

Hapo ndipo niwaeleze. Baba alifanya kazi ya reli Kajiado maisha yake yote ya nguvu. Hakuwa dereva wala stesheni masta. Alikuwa yule mtu anayetembea kwa miguu juu ya reli kila asubuhi, nyundo begani na spana mkononi, akiangalia kila taruma, kile kipande kinacholazwa chini ya reli kuibeba, akigonga vile vipande vya chuma vinavyoibana reli isicheze. Vipande hivyo wao huviita funguo. Treni ya magadi ikipita juu yake na mabehewa yake mazito, funguo hulegea, na zikilegea nyingi mahali pamoja, treni huanguka. Kwa hiyo Baba alizigonga. Miaka na miaka, jua na mvua, Krismasi pia.

Miaka ya tisini ikiisha walipunguzwa kazini, akarudi nyumbani kwetu Ukambani. Mama alikuwa ameshafariki zamani. Akakaa huko na kaka yangu hadi akili yake ilipoanza kumhepa, kisha kaka akamleta kwangu Kitengela, maana mimi nilikuwa nashinda nyumbani: chumba cha mbele ni cherehani zangu mbili na meza ya kukatia nguo, vya nyuma ni vya kulala. Kaka alidhani mtu anayeshona hawezi kushindwa kumwangalia mzee mmoja. Ajabu ya watu wasioshona.

Mwezi wa kwanza Baba alitulia. Wa pili akaanza kuamka alfajiri na kuvaa buti. Ikawa kila siku, kabla uji haujapoa, ashaenda. Nikifunga mlango, anaugonga kwa spana mpaka majirani wanatoka. Nikiufungua, anapita. Na barabara ile mnaijua. Kitengela ilikuwa inajengwa kila upande, malori ya mchanga na ya simiti yanakimbizana kama yanafukuzwa, na mzee wangu ameona mistari imechorwa chini akasema, haya, reli ndiyo hii.

Baada ya mara hiyo ya tatu nilimpigia kaka simu. Alikuja na kufuli.

Sisemi kwa mfano. Alikuja nayo kwenye mfuko wa nailoni, mpya, nzito, bado ina mafuta. Akaniambia ameshaandaa chumba kule nyumbani, dirisha lina vyuma, mlango unafungwa kwa nje. "Si jela," akasema. "Atakuwa anakula, analala, anaota jua nikiwa niko. Kwani unataka tumuokote na koleo?" Baba alikuwa amekaa pale pale. Akamgeukia kaka, akamwambia kwa wasiwasi kabisa, "Funguo hizi zimelegea." Na kaka, masikini, akajipapasa mfukoni akasema, "La, Baba, funguo ninazo hapa."

Nilicheka, halafu nikaingia jikoni nikalia, halafu nikatoka nikamwambia kaka kwamba Baba haendi mahali. Tulibishana mpaka chai ikaganda utandu. Mwisho tukaelewana hivi: akitoka tena hata mara moja na kukutwa barabarani, kaka anamchukua, na mimi sitafungua mdomo. Kaka akaacha ile kufuli juu ya cherehani yangu. "Kaa nayo," akasema. "Utanipa nikija."

Basi nikawa mtu wa kukaa na masikio mlangoni. Nashona, nasikiliza. Napima mteja kiuno, nasikiliza. Nilikata mikono miwili ya kushoto ya sare moja ya shule. Mama jirani, Msomali mwenye duka la nguo na sukari ng'ambo ya njia, akawa ananisaidia kulinda. Akimwona Baba ametoka anapaza sauti, "Abaayo, dada yangu, mzee wako ameanza safari," nami natoka mbio na sindano mdomoni. Nilijua hatutafika mbali hivyo. Siku moja nitakuwa chooni, siku moja jirani atakuwa anaswali.

Wazo la reli lilinijia Ngong. Nilikuwa nimepeleka mapazia kwa mteja, na sebuleni kwake kulikuwa na treni ya kuchezea, ya plastiki, inazunguka juu ya zulia, inapita chini ya meza, inarudi. Nikasimama na mapazia yangu begani nikiitazama mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Nikasema, kumbe reli inaweza kukaa ndani ya nyumba. Basi Baba hana haja ya kutoka. Nitamletea Kajiado hapa hapa.

Siku iliyofuata nilinunua ubao mpana wa plaiwudi, nikaulaza juu ya meza yangu ya kukatia. Wateja wakaambiwa nguo zitachelewa. Nguo zikachelewa kweli.

Nilianza na udongo, ule mweusi wa kwetu unaopasuka kiangazi, nikauchanganya na gundi. Nikapanga stesheni kwa kadibodi, paa nikapaka rangi nyekundu ya kucha. Tangi la maji likawa kopo la dawa lililosimama kwenye misumari minne. Migunga nikaitengeneza kwa waya na nyuzi za sweta. Kisha landi, yaani zile nyumba za wafanyakazi, mstari mmoja, zote sawa, chumba na jiko. Ya kwetu, nilikokulia, ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Nilipoibandika hiyo ya pili kutoka mwisho niliishikilia kwa kidole muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji, nikajikasirikia. Kadibodi tu.

Nilivyoendelea kujenga, mambo yalikuja yenyewe. Nilikumbuka Mama akisikia mngurumo wa treni mbali, anatupa chochote alichoshika na kukimbilia kamba ya nguo, kwa sababu ile treni ilipita na vumbi jeupe la magadi, na shati likishaingia vumbi hilo linabidi lifuliwe upya. Nikamtundikia kamba yake ya uzi, nikaanika vipande vya kitenge. Nikakumbuka mbuzi wa Wamaasai waliokuja kulamba magadi yaliyomwagika kwenye kokoto, na Baba akibishana na wenye mbuzi, kila mmoja kwa lugha yake, na jioni wanakaa pamoja wanagawana tumbaku. Magadi hayo mimi nilikuwa nayo jikoni, ya kuchemshia maharagwe. Nikayasaga nikayanyunyiza juu ya reli. Yakakaa vizuri mno.

Reli yenyewe nilitumia spoku za mwavuli. Mataruma, vijiti vya barafu. Nikamwita Baba.

Alisimama mbele ya meza ile, mikono nyuma. Akaangalia stesheni, akaangalia landi. Alipofika kwenye kamba ya nguo akasema, "Huyu mama anatafuta taabu. Treni inakuja." Roho yangu ikaruka. Halafu akainama kwenye reli, na uso ukamkunjamana. "Hii ni reli ya wapi? Mataruma ya mbao? Kajiado yetu ni chuma tupu. Na funguo ziko wapi? Nitagonga nini mimi, hewa?" Akageuka, akatafuta buti zake.

Tusi nililotaka kutukana nililimeza. Nikang'oa reli yote. Nikachukua makopo ya mafuta ya kupikia, nikayakata kwa mkasi wangu mzuri wa kukatia suti, ambao haukupona, nikafanya mataruma ya bati, moja baada ya jingine, mpaka vidole vikajaa mikato. Na kwa funguo nilitumia pini zangu za kushonea. Kila taruma pini mbili, moja kila upande, zimekaa zikilegea kidogo makusudi. Mama jirani alikuja kuona akashika shavu. "Walahi, wewe na baba yako ni ugonjwa mmoja."

Baba alipewa nyundo ndogo ya kugongea vifungo. Akainama, akagonga pini ya kwanza. Ikaingia. Akasogea, akagonga ya pili. Nikaona mabega yake yameshuka, na buti zilikuwa miguuni lakini hazikuelekea mlangoni. Nilikaa kwenye cherehani nikashona sketi nzima bila kusikiliza mlango. Sikumbuki furaha nyingine kama hiyo mwaka ule.

Furaha yenyewe ilidumu siku tatu.

Nilikuwa nimeiga ile treni ya Ngong. Reli yangu ilizunguka ubao, ikitoka stesheni, ikapita landi, ikazunguka vilima, ikarudi stesheni. Sikuona kosa. Lakini Baba alianza asubuhi akizunguka meza, tap tap tap, akafika alipoanzia, akaendelea. Mzunguko wa pili. Wa tano. Jasho likawa linamtoka. Nikamwita kwenye chakula, akasema bado. Nikamletea chai, akaipita. Saa saba mchana bado anazunguka, midomo imekauka, macho yanatafuta kitu mbele ambacho hakionekani, na kadiri anavyozunguka ndivyo anavyoharakisha. Nilimshika bega. "Baba, kazi imeisha." "Haijaisha," akasema. "Mbona haiishi leo?" Sauti yake ilikuwa inataka kulia. Siku ya tatu alitupa ile nyundo chini, akachukua spana yake kubwa, akatoka nikiwa napima bibi arusi. Mama jirani ndiye aliyemrudisha, amemshika shati, na jirani mwenyewe viatu vimempotea.

"Nikuambie kitu," akasema jirani, akipepea uso kwa mtandio. "Huyu mzee hapotei. Mimi namwona kila mara. Anafika pale kwenye daraja dogo, njia ya Isinya, anasimama. Anangoja. Kama mtu ana miadi. Akikosa ndiyo anaendelea mbele."

Sikulala na hayo maneno vizuri. Asubuhi nilifanya jambo ambalo kaka angeniua kwalo: nikafungua mlango, nikampisha Baba, nikamfuata nyuma. Nilikuwa na aproni yangu ya kazi na moyo mdomoni. Nilitembea upande wa barabara, kati yake na magari, na kila lori lililopita nililitolea jicho kana kwamba jicho linasimamisha lori.

Barabara ile mimi niliijua kwa miguu. Niliwahi kuitembea, kipande kirefu, kutoka upande wa Kajiado kuja huku, nikiwa msichana wa kidato cha nne aliyemaliza, na nilikuwa nimetoka nyumbani kwa ubaya. Mama alifariki nikiwa bado shuleni. Aliugua siku chache tu, akalazwa, na asubuhi aliyozidiwa watu walikuja kumwita Baba. Baba alikuwa ameshaanza sehemu yake ya reli. Alisema amalize kwanza, treni iko njiani. Alipofika hospitali, Mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mimi nilikaa na jambo hilo mwaka mzima. Kisha siku moja, mbele ya wenzake wote wa gengi lake la kazi wamekaa wanakunywa chai, nikamwambia Baba, "Wewe umeolewa na reli."

Mwanamume huoa. Anayeolewa ni mwanamke. Ningeweza kusema ameoa reli na watu wangecheka tu. Nilijua tofauti, nikachagua neno. Wale wanaume walitazama vikombe vyao. Baba hakunipiga; alimaliza chai yake akachukua nyundo. Kesho yake asubuhi nilibeba mfuko wangu nikaondoka, yeye akiwa kazini, na sikurudi landi tena. Tulionana baadaye, kwenye mazishi na arusi za watu, tukaulizana habari za mvua. Neno lile halikuguswa. Yeye hakuuliza, mimi sikuomba msamaha, miaka ikapita hivyo, na kiburi ni kitu ambacho hakichoki.

Basi tulifika kwenye lile daraja dogo. Baba akasimama pembeni, akatazama upande wa Isinya, mkono juu ya macho. Nikamsogelea kwa nyuma. "Baba, ni mimi. Twende nyumbani." Akashtuka, akanikunjia uso. "Toka kwenye reli, mtoto. Hapa si pa watoto. Namngoja mwenzangu." Na akaanza kusonga mbele, haraka, kuelekea katikati ya lami.

Mwenzangu. Nilisimama pale kama nimepigwa kwa mwiko. Mimi mtoto wa landi, nimesahau! Kila mmoja wao alikuwa na sehemu yake. Baba alitoka Kajiado, na mtu mwingine alitoka upande wa pili, wakakutana kwenye mpaka wa sehemu zao, kila siku, saa ile ile. Hawakuandikishana. Kila mmoja alibeba kibati cha bati au shaba mfukoni, na walipokutana walibadilishana. Kibati cha mwenzako ndicho ushahidi kwamba ulifika mwisho. Bila hicho hujafika, na kama hujafika huwezi kurudi nyumbani. Ndiyo maana siku ile ya Mama hakumwacha mwenzake akimngoja mpakani. Na mimi nilikuwa nimempa mzee huyu reli isiyo na mwisho wala mwenzake, nikashangaa kwa nini hatulii.

Sikufikiri. Nilishuka mtaroni, nikakimbia nimeinama kama mwizi wa kuku, nikampita Baba, nikatokea mbele yake, nikapanda tena barabarani nikimjia kutoka upande wa Isinya. Nikatembea polepole, kizito, vile wanaume wale walivyotembea. Nilimwamkia kwa sauti nene. "Habari ya kwako?"

Uso wake ukafunguka. Niseme kweli, hajawahi kunifungulia uso namna ile mimi kama mimi. "Ya kwangu salama," akasema. "Umechelewa, bwana." Akatia mkono mfukoni, akatoa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, amekisugua mpaka kinang'aa, akanipa. Akanyoosha kiganja akingoja changu.

Sikuwa na kitu. Nikapapasa aproni, nikapata bobini ya cherehani, ile ya chuma, bado ina uzi wa buluu. Nikampa. Akaigeuza, akaipima kwenye kiganja, akaitia mfukoni. "Haya, kesho," akasema. Akageuka na kurudi, kwenye ukingo wa barabara sasa, bila kuangalia nyuma, mpaka nyumbani. Nilipofika alikuwa amevua buti na anakula uji.

Jioni ile nilichukua msumeno. Nilikata reli yangu niliyoihangaikia, nikaifanya inyooke: inatoka stesheni, inapita landi na kamba ya nguo ya Mama, inapita kwenye migunga, inafika ukingoni mwa meza, inaisha. Hapo mwisho nikasimamisha jiwe dogo jeupe, kama la mpakani. Kazi ilikuwa mbaya, udongo ulipasuka na vilima viwili vilivunjika. Sikujali.

Tangu hapo ikawa ndiyo siku yetu. Baba anaanzia stesheni, mimi nangoja upande wa pili wa meza nimesimama. Tap tap mpaka kwenye jiwe. "Habari ya kwako?" "Salama." Kifuniko kwangu, bobini kwake, kesho yake vinarudi. Kisha anavua buti, na mlango nauacha wazi hata wateja wakaanza kulalamika vumbi. Hakutoka tena. Kaka alikuja mwisho wa mwezi, akasimama pembeni ya cherehani akatutazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtu mzima na mashavu yamelowa. Alipoondoka aliichukua kufuli yake mwenyewe. Sikumkumbusha.

Kulikuwa na sharti moja tu, na nililijua kwa sababu nililijaribu. Wiki ya pili nilichoka kuwa mwanamume wa reli. Nilitaka baba yangu anione. Alipofika kwenye jiwe nikamwambia, "Baba, ni mimi, msichana wako." Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama jiwe, akanitazama, na kabla sijazunguka meza alikuwa ameshika spana yake kubwa na yuko mlangoni. Ilinichukua asubuhi nzima kumtuliza. Kwa hiyo nilijua. Nikiwa mwenzake, anakaa. Nikiwa mtoto wake, anaenda barabarani.

Asubuhi ninayotaka kuisema ilikuwa ya kawaida. Upepo wa Kitengela ulikuwa unapiga mabati. Baba aligonga pini zake zote, akafika kwenye jiwe, tukaamkiana, tukabadilishana. Lakini hakugeuka. Alisimama akipapasa ile bobini kwa kidole gumba.

"Mwenzangu," akasema, "huko sehemu yako hujaona msichana?"

"Msichana gani?"

"Wangu. Mrefu, mweusi, ana mdomo mkali kama mamake. Ametoka nyumbani na mfuko. Wameniambia alipita njia hiyo ya kwako." Akainamisha kichwa. "Nimeuliza kila mtu. Kila asubuhi naangalia chini, kwenye kokoto, kama nitaona nyayo zake."

Mkono wangu uliishika meza. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni, maneno mawili tu, ni mimi, na nyuma yake yale mengine ambayo nilipaswa kuyasema zaidi ya miaka kumi iliyopita. Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi, na malori yalikuwa yanapita.

"Nimemwona," nikasema, kwa ile sauti nene.

"Ni mzima?"

"Ni mzima. Anashona nguo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu moyoni akikuta kimetimia. "Alinitukana," akasema. "Lakini hakusema uongo. Ukimwona tena usimwambie arudi, atakasirika. Mwambie tu kwamba mimi hupita hapa kila siku."

"Nitamwambia."

"Haya. Kesho."

Akageuka, akarudi pole pole kuelekea stesheni, mkono ukigusa migunga ya nyuzi njiani. Mimi nilibaki upande wangu wa meza na kile kifuniko mkononi, kwa sababu mwenzako havuki mpaka.